Siku yangu Newala: kuomba kuchungulia maji ya watu

Watu wakisikia nasomea shahada ya uzamivu ya baiolojia, wapo wanaoniletea mtoto mwenye homa. Nikisema mimi si daktari wa hospitali, nasoma mbu, wananitazama kwa huruma. Miaka minne, mbu tu? Nawaandikia hao, na wadogo zangu kule Lindi wanaodhani nashinda ndani nimevaa koti jeupe. Siku yenyewe ni Jumanne moja ya Oktoba, hapa Newala, kusini mwa Tanzania.

Saa 11 alfajiri nawasha tochi na kukagua vizimba viwili vya chandarua kwenye kona ya chumba nilichopanga. Viluwiluwi niliowaleta wiki iliyopita wameshakuwa pupa, hatua ya mwisho kabla ya mbu, na tisa wametoka mbu kamili, miguu ina pete nyeupe. Nabadilisha pamba ya maji ya sukari, naandika daftarini, nakunywa chai kwa muhogo wa kuchemsha, natoka.

Saa 1 niko ofisi ya kijiji: salamu, kitabu cha wageni, vibali. Mhudumu wa afya wa kijiji ananisubiri. Tunatembea wawili, maana mgeni haingii peke yake kwenye ua wa watu kuchungulia mitungi.

Hadi saa 4 tumepita nyumba tisa, na tano kati ya hizo zimefungwa. Ni msimu wa korosho, watu wako mashambani wanaokota. Simlaumu mtu, ila kila mlango uliofungwa ni safari nyingine kesho. Tunapokaribishwa, tunahesabu kila kinachoshika maji: mtungi, dumu, jaba, pipa, tairi bovu, hata kifuu nyuma ya jiko. Namulika ndani, nachota kwa kata, namimina kwenye sinia jeupe. Kiluwiluwi wa mbu wa malaria hulala sambamba na uso wa maji. Ninayemtafuta, wa jamii nyingine ya mbu iitwayo Aedes, huning'inia kichwa chini, na bomba lake la kupumulia ni fupi. Namvuta kwa pipeti, namtia kwenye kichupa cha spiriti, lebo naandika kwa penseli kwa sababu spiriti hufuta wino. Mwisho wa yote nitajua katika kila nyumba 100 kuna vyombo vingapi vyenye viluwiluwi. Tarakimu hiyo moja inabeba sura nzima ya tasnifu yangu.

Na kwa nini hapa? Mwaka 1952 ugonjwa wa homa na maumivu makali ya viungo ulienea kwenye uwanda huu wa juu wa Makonde, watu wakashindwa kunyooka. Wenyeji waliupa jina kwa Kimakonde, chikungunya, kile kinachomkunja mtu, na jina hilo ndilo linalotumika leo katika maabara za dunia nzima. Virusi vyenyewe vilipatikana kwanza kwenye damu ya wagonjwa wa huku, na mwaka 1955 watafiti Robinson na Lumsden wakachapisha maelezo ya mlipuko ule. Huku juu maji ni ya shida. Watu walikuwa wakiyateka mbali, chini bondeni, wakayatunza ndani ya nyumba, na Aedes, mbu anayeueneza ugonjwa huo, akapata makao pembeni mwa kitanda. Nusu karne baadaye, 2005 na 2006, ugonjwa ulikipiga kisiwa cha Réunion katika Bahari ya Hindi, na karibu theluthi ya watu wake wakaugua. Nikilitamka jina chikungunya mbele ya maprofesa wa nje huwa nasimama wima. Ni neno la kwetu Kusini.

Karibu saa 5 tukafika kwa bibi mmoja mwenye kisima cha saruji cha kuvunia maji ya mvua, mfuniko wa bati, juu yake jiwe. Alikuwa barazani anapukuchua mbaazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu ukae. Lakini kisima hufungui."

Nikakaa. Nikaeleza, mhudumu naye akaeleza kwa Kimakonde. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, mikono haisimami.

"Walikuja wengine kabla yako," akasema. "Wakachota, wakaandika, wakaenda zao. Majibu sijayaona mpaka leo. Na maji haya ni ya mvua ya Aprili. Nayatumia ndoo kwa ndoo mpaka mvua irudi. Ukiyatia dawa, nitakunywa nini?"

Sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu alisema kweli. Nikavuta ungo, nikaanza kupukuchua naye. Jua likapanda, kivuli cha baraza kikatukimbia. Mhudumu akatazama simu yake, nyumba saba zilikuwa bado. Bibi akaniuliza kwetu wapi, baba yangu anafanya nini, nimeolewa au sijaolewa, na shule hii inaisha lini. Akanyamaza tena. Saa nzima ikaenda hivyo. Kuna siku ningeandika "amekataa" na kuendelea, lakini ukiwaruka wote wenye visima vilivyofungwa, hesabu yako inakuwa ya uongo.

Hatimaye akainuka mwenyewe. Masharti yake: achote kwa kata yake, dawa isiguse maji, na nimwonyeshe nilichokiona.

Kwenye sinia walikuwa kumi na wawili, wakijikunja na kujikunjua. Bibi akainama karibu.

"Hawa ndio wananiuma mchana?"

"Ndio hao, bibi, wakishakua."

"Basi nimwage maji yote?"

Nikamwambia asimwage hata kata moja. Mbu huyu hutaga ukutani, juu kidogo ya maji, na mayai yake hustahimili ukavu miezi mingi, mvua ikirudi yanaanguliwa. Kisima kikikauka, kuta zisuguliwe kabla mvua haijaanza. Kwa sasa mdomo wa kisima ufunikwe kwa chandarua chini ya bati. Akatikisa kichwa polepole. "Hilo wale hawakuniambia."

Baada ya hapo saa zilinipotea. Najua tulikula ugali wa muhogo na kisamvu kwa mama mmoja aliyekataa hela yetu, kwamba pikipiki ilipata pancha mbele ya shule, na kwamba nyumba ya mwisho nilimulika tochi huku mikono inatetemeka.

Usiku, hadubini mezani, umeme ukakatika nikiwa kichupa cha sita. Nikamalizia kwa taa ya simu, macho yanawaka. Ujumbe wa msimamizi ulikuwa unasubiri: sura ya tatu lini? Miezi miwili iliyopita andiko langu la kwanza lilikubaliwa kuchapishwa, baada ya kurudishwa mara mbili, na nililia nilipompigia mama. Hilo chuo watalihesabu. Kisima cha leo hakina safu kwenye fomu yao, isipokuwa hesabu ya viluwiluwi 12.

Nimekata kipande kutoka chandarua changu cha zamani, nimekishona pindo na kukitia uzi wa kukaza. Kesho saa 12 na nusu, kabla bibi hajatoka kwenda kuokota korosho, nakipeleka.