Ngozi ipo, pumzi haimo

Somo la wiki: Ezekieli 37:1–14

Chini ya kanisa la Kianglikana la St. Michan, Dublin, Ayalandi, kulikuwa na miili iliyokaa karne nzima na zaidi bila kuoza, na hakuna aliyeitia dawa. Huku Nairobi hata wiki mbili za matanga twahitaji dawa na friji ya mochari, kamati ichange, safari ya ushago ipangwe. Kule kazi ilifanywa na kuta. Mawe ya chokaa hunyonya unyevu, hewa ni kavu, joto halibadiliki sana. Vijidudu vya kuozesha havifanyi kitu pasipo maji. Majeneza yalipangwa moja juu ya jingine, mbao zikachoka, zikapasuka, waliolala ndani wakaonekana.

Kanisa lilianzishwa 1095. Wageni walishuka ngazi nyembamba za mawe hadi kwa wanne: Mtawa, Askari wa Msalaba, mmoja asiye na jina, na Mwizi. Huyu wa mwisho aliitwa hivyo kwa kuwa alikosa mkono. Basi! Kiungo kimepungua, mtu kahukumiwa, naye hawezi kujitetea. Askari alisemekana kuwa na miaka 800, na zamani watu walimgusa mkono wapate bahati hadi ngozi ikang'aa.

Mwaka 2019 kichwa cha Askari huyo kiliibwa, kikapatikana baadaye. Juni 2024 mtu alitia moto mle chini. Moto pamoja na maji ya kuuzimia vikaiharibu miili ile. Ukavu ulikuwa ndio ulinzi wao wote.

Sasa fungua Ezekieli. Mifupa ya bondeni ilikuwa mikavu sana, na katika aya ya 11 Israeli wanalia kwamba mifupa yao imekauka na tumaini limepotea. Ukavu uliosifiwa Dublin, kwao ni kilio. Kisha angalia mpangilio: mfupa kwa mfupa, mishipa, nyama, ngozi juu yake. Aya ya 8 inakatiza: pumzi haikuwamo. Miili ya St. Michan ilifika hapo hapo, ngozi ipo, ikabaki.

Mungu alikuwa ameuliza, "Mwanadamu, je! Mifupa hii yaweza kuishi?" Nabii hakusema ndiyo wala hapana: "Ee Bwana MUNGU, wajua wewe."

Mkisoma kwenye ushirika wa nyumbani, msomaji asimame mwisho wa aya ya 8. Kaeni kimya kama dakika mbili, hata matatu yakipiga honi nje. Ndipo mwingine aanze ya 9.