Mbolea ya CAN Juu ya Nyasi Zenye Kiu

Februari 2017 nyasi za nyumbani kwa mama, Kiamunyi, Nakuru, zilikuwa zimegeuka rangi ya gunia. Tangu Krismasi hatukuwa tumeona mvua ya maana, na mwezi huohuo serikali ikatangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Mji wa Nakuru uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, usiku wake ni wa baridi, na wengi hudhani ubaridi huo unatosha kulinda nyasi. Hautoshi. Kuanzia Januari jua la mchana ni kali, upepo unakausha, na udongo wetu wa majivu ya volkeno hupitisha maji haraka kama chekeche.

Uwanja ule ni mita 10 kwa 8, wa nyasi za Kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda za juu za huku kwetu Afrika Mashariki. Nilidhani rangi ile ni njaa. Nikazifyeka chini kabisa, nikachukua kilo 5 za CAN (calcium ammonium nitrate), mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni, na kuzirusha kwa mkono, kisha nikanyunyizia maji ya kulowesha majani tu kwa sababu tangi lilikuwa limefika nusu.

Siku ya nne uwanja ulikuwa na michirizi. Haikuwa madoa ya ovyo. Ilikuwa nusu duara zilizopangana, kila moja ikifuata mrusho wa mkono, za kahawia iliyokolea kuliko zile nyasi nyingine zilizokauka. Nilipoinama niliona chembe za mbolea zimekwama kwenye shina, pale majani yanapochipukia. Umande wa usiku ulikuwa umeziyeyusha nusu zikawa uji unaonata, na kila jani lililoguswa lilikuwa limekunjamana kuanzia chini.

Mama alimwita mzee jirani, mstaafu aliyetunza viwanja vya gofu miaka mingi. Hakuuliza mbolea ni ya aina gani. Aliuliza, “Mwanangu, uliweka ngapi, na maji yalikwenda chini kiasi gani?”

Hapo ndipo kosa lilipokuwa. CAN ina asilimia 26 ya naitrojeni. Mita mraba moja ya nyasi inayokua vizuri hutosheka na gramu 15 hadi 20 za CAN kwa mara moja, yaani kilo moja na nusu hivi kwa uwanja mzima. Mimi niliweka zaidi ya gramu 60. Chumvi hiyo ikiwa nyingi kwenye udongo mkavu huvuta maji kutoka kwenye mzizi badala ya mzizi kuvuta kutoka udongoni. Na hata kipimo sahihi kingekuwa makosa mwezi ule, kwa sababu nyasi zilizolala, yaani zilizoacha kukua zikisubiri mvua, hazina kazi ya kufanya na naitrojeni.

Mzee alichukua kisu, akachimba kitambaazi (shina la nyasi linalotambaa ardhini) kimoja katikati ya mchirizi na kingine pembeni, akavikata mshazari. Cha pembeni kilikuwa cheupe ndani, kigumu, chenye unyevu. Cha katikati kilikuwa cha kahawia, na kilipofinywa kikavunjika kama bua la mahindi. “Hiki kimelala, mzee,” nilimwambia nikionyesha cha kwanza. Akaitikia kwa kichwa. Tangu siku hiyo siamini rangi ya jani, naamini kisu.

Kwanza tulifagia kwa ufagio wa chelewa, tukakusanya chembe zote zilizobaki juu. Pili, kusuuza. Ili kusukuma chumvi chini ya mizizi tulihitaji lita 50 kwa kila mita mraba, na maji hayakuwepo ya uwanja mzima, kwa hiyo tulichagua mita mraba 6 zilizoathirika zaidi karibu na veranda, lita 300. Maji ya kwanza yalikataa kuingia. Udongo huu ukikauka kabisa huwa na vumbi linalosukuma maji: matone yalibiringika juu yake yakiwa yamevaa unga. (Husemwa jina la Nakuru lenyewe linatoka kwenye neno la Kimaasai la mahali pa vumbi, na siku ile niliamini.) Tulitoboa kwa jembe la uma, mashimo ya sentimita 10 kwenda chini, kila baada ya sentimita 15, tukamwaga polepole kwa awamu tatu, tukisubiri nusu saa kati ya awamu.

Baada ya hapo uwanja wote tuliuacha ulale, ukipewa maji ya kuhifadhi uhai tu: milimita 12 kila baada ya wiki tatu. Milimita moja ni lita moja kwa mita mraba, kwa hiyo ni lita 960 kwa mara moja. Kuufanya ubaki kijani kungetaka milimita 25 kila wiki, lita 2,000, na hakuna nyumba yenye mgao wa maji inayopaswa kufanya hivyo. Tulimwagilia alfajiri, kisha tukachomeka bisibisi ndefu ardhini: ikiingia sentimita 10 bila kusukumwa kwa nguvu, maji yamefika. Kunyunyiza kidogo kila jioni huifundisha mizizi kukaa juu, na hapo ndipo inapoungua. Fyekeo liliwekwa stoo. Mvua ikirudi, nyasi hukatwa zibaki sentimita 5, na kamwe usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu.

Mvua ilipolowesha udongo vya kutosha tulipandikiza michirizi iliyokufa. Tulikata vitambaazi vya sentimita 15, kila kimoja kiwe na vifundo vitatu au vinne, tukafukia theluthi mbili, umbali wa sentimita 15. Juu tukatandaza samadi ya ng'ombe iliyooza na kuchujwa, unene wa nusu sentimita, wilbaro saba kwa uwanja wote. Samadi mbichi haifai: huleta magugu na huchoma. Kwa wiki mbili tulimwagilia kila asubuhi ambayo mvua haikunyesha.

CAN ilirudi wiki ya sita, gramu 15 kwa mita mraba, ikapimwa kwa mizani ya jikoni, ikarushwa nusu kwa urefu na nusu kwa upana, kisha ikaoshwa ishuke.

Mwezi Juni nyasi zilikuwa zimeziba. Lakini ukisimama kwenye veranda jua likiwa limeinama, ulikuwa bado unaziona zile nusu duara: pande zote mbili za kila mchirizi, mahali mbolea ilipoangukia haba, kijani kilikuwa kimekolea kuliko kwingine kote.