Nilichokikuta Mongomi wa Kolo

Bodaboda alinitoza elfu ishirini kutoka Kolo barabarani hadi chini ya mlima wa Mongomi wa Kolo, penye michoro ya kale ya miambani, na katikati ya njia tukapata pancha. Tulisukuma pikipiki juani saa nzima, na hakunipunguzia hata mia. Chumba nilicholala Kondoa mjini, elfu thelathini, maji ndoo moja. Ya Dodoma siyasimulii.

Michoro ya Kondoa iliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, na nilifuata hiyo: watu wembamba warefu wa rangi nyekundu. Kumbe chini ya mwamba palikuwa na unga umemwagwa, na pombe ya kienyeji bado inanuka. Mzee wa kijijini aliyenipandisha akasema wenzake walikuja juzi kuombea mvua. Ilipofika adhuhuri alivua makubazi, akatandika kikoi, akaswali.

"Babu, shehe hakatazi mambo haya?"

"Anakataza. Namwitikia. Lakini uwele ukinyauka, tunakwea tena huku."

"Sasa mvua inaletwa na swala au na pombe?"

Alikaa kimya kitambo, anapangusa vumbi kwenye paji la uso.

"Sijui, mwanangu. Ningejua, ningekuja kuomba nini?"

Baba yangu ni mzee wa kanisa, na neno "sijui" sijawahi kulisikia likimtoka. Kila swali ana kifungu chake. Dada alipoolewa na Mwislamu, baba alipiga marufuku jina lake lisitajwe mezani. Mwaka huu ni wa 11. Mimi ndipo nilipoacha ibada. Niliamini ukiitoa ile amri ya baba kwenye imani, hakibaki kitu.

Na huyu babu si kwamba hana masharti. Alinikemea kwa ukali nilipotaka kugusa mwamba, na swala haikumpita hata dakika. Lakini masharti yake yanambana yeye. Hakuniuliza dini yangu tangu tulipoanza kupanda mpaka tunashuka, nami nilisubiri aniulize, kwa sababu kwetu ndilo swali la kwanza.

Kabla hatujaagana nikamwomba amwombee dada yangu, ana mimba na daktari amemlaza.

"Anaitwa nani?"

Nikalitaja jina lake. Masikio ya mzee ni mazito, akaniashiria nirudie. Nikalitaja tena, kwa sauti ya juu, pale pale chini ya jiwe.