Seli za jua za perovskaiti kwenye unyevu wa Dar: nilivyofanikiwa

Niliporudi nyumbani na shahada yangu ya uzamivu, kila niliyemuuliza kuhusu kutengeneza seli za perovskaiti, fuwele zinazogeuza mwanga kuwa umeme, alinipa jibu lilelile: kama huna kisanduku cha glavu, kile kinachojazwa naitrojeni ili unyevu usiingie, perovskaiti usiiguse. Kisanduku chenyewe ni makumi ya mamilioni ya shilingi, na gesi unanunua kila inapokwisha. Mwingine akanishauri nibaki kupima paneli za silikoni, kutengeneza niwaachie wenye vifaa. Ushauri huo ulinikera na unanikera mpaka leo, maana umewakatisha tamaa wanafunzi wengi wenye mikono mizuri.

Unyevu wenyewe ni tatizo kweli. Perovskaiti ya seli hizi ina madini ya risasi na ayodini, na maji huivunja. Nilianza na njia iliyozoeleka: unadondosha kimiminika juu ya kioo kinachozunguka kwa kasi, utando unasambaa, unaukausha kwa joto. Mashine ya kuzungusha niliiunda kwa feni ya kompyuta kutoka Kariakoo, elfu chache tu. Fundi aliigeuzageuza, akaniuliza, "Sasa dada, kafeni haka katapoza nini?" Nilipomweleza kazi yake, aliniongezea kidude cha kupandisha na kushusha kasi, hela hakutaka.

Feni ilizunguka vizuri kabisa. Utando ndio uliokataa. Ilikuwa masika. Unatoka kahawia iliyokoza, unapendeza, lakini ukiuinua kwenye mwanga unaona vitundu kila mahali. Zikipita siku chache, kingo zinaanza kuwa njano, na njano hiyo ni ayodaidi ya risasi: perovskaiti imeshavunjika. Nikajaza silika jeli kwenye kontena la plastiki nililohifadhia vioo, zile punje za bluu zinazofyonza unyevu. Asubuhi nazikuta zimekuwa waridi. Nazikausha kwenye oveni zirudi bluu, kesho yake waridi tena.

Kilichonitoa hapo ni seli za kaboni. Watafiti wa Wuhan, China, walichapisha mwaka 2014 seli ya aina hiyo yenye ufanisi wa asilimia 12.8, iliyodumu zaidi ya saa 1,000 juani kwenye hewa ya kawaida. Uzuri wake uko kwenye mpangilio. Unaanza na titani dioksidi juu ya kioo chenye utando wa kupitisha umeme, juu yake zirkonia, kisha tabaka nene la kaboni, na vyote unavichoma kabla perovskaiti haijaingia. Halafu unadondosha tone juu ya ile kaboni nyeusi, nalo linajipenyeza kwenye vitundu mpaka chini. Kaboni ndiyo inayokusanya umeme, kwa hiyo huhitaji dhahabu, wala mashine ya ombwe ya kuipaka.

Kupaka ninatumia selotepu. Nabandika pande mbili za kioo, namimina rojo, naivuta kwa fimbo ya kioo. Unene wa tepu ndio unaoamua unene wa utando. Vuta mara moja bila kusita, ukirudia umeharibu. Rojo ya titani izimue sana. Tone la perovskaiti nalo usiliharakishe: nyuzi 50 zinatosha, na lifunike likauke polepole. Glavu ni lazima, na mabaki yenye risasi yana chupa yake, kwenye sinki hayaendi.

Kisha likaja jambo lililonifurahisha kuliko yote. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo kwamba seli hizi za kaboni, zikiwekwa kwenye nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 70, fuwele zake hukua vizuri zaidi na ufanisi hupanda. Unyevu uleule! Nikatoa silika jeli kwenye kontena, nikaweka bakuli la chumvi ya mezani iliyokorogwa na maji mpaka ikagoma kuyeyuka. Chumvi hiyo ikifungiwa, hewa ya ndani hutulia karibu na asilimia 75. Kontena likaingia kwenye oveni ya joto la chini. Seli zilizokuwa zikinipa kama asilimia tano zikafika nane hivi, na wanafunzi wangu walipima na kupima tena kwa kutoamini.

Sasa tunahangaika na ukubwa. Seli ndogo kama ukucha inafanya kazi vizuri, lakini ukiipanua iwe kama kiganja, umeme mwingi unapotelea kwenye ule utando wa kioo unaopitisha umeme kabla ya kufika kwenye waya. Kwa hiyo tunaikata vipande vyembamba na kuviunga mfululizo, na mistari ya kukatia utando huo tunaichonga wenyewe kwa unga wa zinki na asidi ya haidrokloriki.