Jalada la kesi yangu lilipopotea, tulivyolijenga upya

Nilitaka kukata rufaa kuhusu shamba, nikaambiwa masjala kwamba jalada halionekani. Nakala ya hukumu nilikuwa nayo, lakini hukumu peke yake haitoshi. Mahakama ya juu inataka mwenendo wote wa shauri: ushahidi ulivyotolewa, vielelezo, na amri zilizotolewa njiani.

Majibu niliyopewa yalikuwa ya mdomo tu: rudi kesho, bado linatafutwa. Wakili akaniambia tumwandikie msajili athibitishe kwa maandishi kwamba jalada limetafutwa na halipo. Mambo yalianza kusogea ilipotoka barua hiyo, kwa sababu sasa tulikuwa na cha kuambatanisha kwenye maombi ya kujenga jalada upya.

Kazi kubwa ilikuwa kiapo, yaani maelezo ya maandishi ninayoyaapia kuwa ni kweli. Nilikuwa na uchungu mwingi, ila kiapo si mahali pa kumtuhumu karani. Nilitakiwa kutaja kila hati iliyokuwemo, jalada lilionekana mara ya mwisho lini, na nani ana nakala ya nini. Nilichokuwa nacho nilikiambatanisha. Nilichokikumbuka tu, niliandika wazi kwamba nakikumbuka.

Daftari la mashauri lilikuwa salama, na huo ndio uti wa mgongo wa kesi: namba, majina ya wadaawa (pande mbili za kesi), tarehe, amri kwa ufupi. Risiti za ada nazo zilionyesha hati ipi iliingizwa lini. Tunzeni risiti, jamani.

Maombi lazima upande wa pili upelekewe, nao wana haki ya kupinga. Niliogopa hapo. Kumbe wakili wao alikuwa na nakala ya hati yangu ya madai yenye muhuri wa mahakama, wakati yangu haikuwa nao. Tukatumia yake. Tukapitia ukurasa kwa ukurasa, tuliokubaliana tukausaini wote. Tulishindana kuhusu maneno ya shahidi mmoja juu ya mpaka, maana kumbukumbu za mawakili wawili zilitofautiana. Hakimu akaamuru shahidi yule aitwe tena, ahojiwe kwa kipande hicho tu.

Wakili alinitoa wasiwasi kwa kunikumbusha kwamba moto wa Chicago wa mwaka 1871 uliteketeza kumbukumbu za mahakama pamoja na za ardhi, na mwaka uliofuata Jimbo la Illinois likatunga sheria ya kuzirejesha. Watu walipoteza zaidi yangu na haki zao zikasimama.

Mahakama ikaamuru jalada jipya litumike badala ya la awali, kwa nguvu ileile. Siku hiyohiyo niliomba nakala zilizothibitishwa za kila ukurasa, kisha tukaomba kuongezewa muda, kwani siku za kukata rufaa zilikwisha jalada likiwa bado linatafutwa. Ombi lilikubaliwa, na rufaa imepangiwa tarehe ya kusikilizwa.