Kununua tuba iliyotumika mjini Kampala

Kwetu Kilimanjaro, ambako wamisionari wa Leipzig walifika mwaka 1893 na ambako tarumbeta bado husindikiza ibada na mazishi katika sharika nyingi za Kilutheri, tuba, yaani tarumbeta kubwa kuliko zote yenye sauti nzito ya chini, haikuwa mali ya mtu binafsi. Ilikuwa mali ya usharika, na mpigaji akihama humwachia anayemfuata. Ndiyo maana Mtanzania aliyekuja Uganda kufundisha Kiswahili, kama mimi, akaishi miaka mingi bila kupuliza na kisha akatamani kurudi, hana budi kununua chombo chake mwenyewe. Tuba mpya haigusiki kwa mshahara wa mwalimu. Inabaki iliyotumika, nayo inahitaji kukaguliwa kwa pumzi na sikio kuliko kwa macho.

Uamuzi wa kwanza ni ukubwa. Tuba huitwa kwa nota yake ya msingi: bomba la tuba ya B-flati, likinyooshwa, lina urefu wa takriban mita 5.5, ilhali la E-flati lina takriban mita 4. Tofauti hiyo huonekana mara moja kwa mtu ambaye midomo yake imelegea na pumzi yake imekuwa fupi, kwa kuwa chombo kikubwa humeza hewa kabla sentensi ya muziki haijafika mwisho. Nilichagua E-flati, ambayo pia ndiyo niliyofundishwa nyumbani, na vidole havikuwa vimesahau kama nilivyohofia.

Jambo la pili ndilo ningependa kila mnunuzi wa hapa alijue. Vyombo vingi vya bendi za Uganda vilitoka Uingereza, na bendi za tarumbeta za huko zilitumia kimo cha juu cha sauti hadi miaka ya 1960, ambapo nota ya A, inayotumika kulinganishia vyombo, ilikuwa karibu mitetemo 452 kwa sekunde badala ya 440 ya leo. Tuba ya zamani ya namna hiyo inaweza kuwa imara na yenye sauti tamu, lakini haitakubaliana na piano wala na wenzako. Kuishusha kunahitaji kuongeza zaidi ya sentimita 10 za bomba, na mabomba ya vali (vitufe vya kubonyeza vinavyoipitisha hewa kwenye bomba la ziada) nayo lazima yarefushwe kwa uwiano huohuo. Kwa hiyo nilikwenda na programu ya kupimia sauti kwenye simu, na nikaipima kila tuba kabla ya kuuliza bei.

Niliyoinunua ilikuwa ya mzee mmoja mstaafu wa bendi ya polisi, na tulielewana kwa Kiswahili chake cha kambini. Nilipomwomba, "Afande, niruhusu nivute mabomba ya vali," alijibu, "Vuta, mwalimu, usikilize mwenyewe." Alijua ninachokitafuta. Ukivuta bomba la vali bila kubonyeza, ukangoja kidogo, kisha ukabonyeza, vali nzima hutoa mlio wa "pop" kwa sababu hewa haikupata pa kupenya. Vali iliyolika hukaa kimya, na kuitengeneza upya kunaweza kugharimu kuliko chombo chenyewe. Baada ya hapo nilitazama madoa mekundu kwenye bomba linalopokea kipulizio, kwani huko unyevu wa pumzi huitoa zinki katika shaba na kuacha ukuta dhaifu unaooza kuanzia ndani. Mibonyeo ya chini, pale tuba inapokalia sakafu, haikunisumbua hata kidogo. Bomba moja lilikuwa limekwama, nami sikukubali livutwe kwa koleo. Mafundi wa Katwe, mtaa wa hapa Kampala, nawaheshimu sana kwa kazi ya chuma, lakini moto wa kulegezea bomba ukizidi huyeyusha lehemu ya viungo vya jirani, na kazi hiyo ni ya fundi wa vyombo vya muziki.

Ina vali 4, na ya nne inastahili kulipiwa zaidi, kwa kuwa hushika nafasi ya vali ya kwanza na ya tatu zikibonyezwa pamoja, ambazo kwa kawaida hutoa sauti iliyopanda kupita kiasi.

Sasa napuliza sauti ndefu za chini kwa muda mfupi kila jioni, na midomo ikianza kutetemeka naacha. Kwa Mtanzania mwenzangu aliyezoea ufunguo wa besi, alama ya mwanzo wa mistari kwa nota za sauti za chini, kuna faraja moja. Bendi zenye desturi ya Kiingereza humwandikia mpigaji wa E-flati kwa ufunguo wa G, ule wa sauti za juu, lakini nota hukaa kwenye mistari ileile ambayo zingekaa katika ufunguo wa besi. Karatasi isiyo na alama yoyote mwanzoni isome kana kwamba ina flati 3, uwe mwangalifu na alama zinazojitokeza katikati ya wimbo, na unaweza kuketi na wenzako siku hiyohiyo.