Kuzama sikosi, tabu ilikuwa kuibuka

Wengi hudhani mwenye ADHD, hali ya akili kutawanyika na kushindwa kutulia, hawezi kuzama kwenye jambo. Mimi huchora ramani za nyumba kwenye kompyuta, na kazi ikininogea nakaa mpaka adhana ya alfajiri bila hata kunywa maji. Ila sichagui nizame wapi. Risiti za kodi zinalala wiki nzima, mimi nimekesha nikipanga rangi za marumaru ambazo mteja hajaziulizia.

Dawa za daktari zimenisaidia na bado nameza. Yoga ilinipa kingine, tena si yale mazoezi ya kujikunja, ambayo hadi leo yananichosha. Ni maandishi ya Patanjali, mwandishi wa kale wa India aliyeandika misingi ya yoga. Mfafanuzi wake wa kale, Vyasa, anataja hali tano za akili: inayorukaruka, iliyopumbaa, inayotulia kidogo kisha ikachoropoka, iliyoelekea jambo moja, na iliyotulizwa kabisa. Ile ya tatu, anasema, hata ikizama, kuzama huko hakuhesabiki kuwa yoga, maana mtawanyiko ndio unaotawala. Nilicheka peke yangu. Mzee huyu alikuwa ananijua!

Basi nikaachana na ndoto za samadhi, yaani kuzama kabisa, nikashika dharana, hatua ya sita kati ya nane za yoga ya Patanjali: kuifunga akili mahali pamoja. Natumia mshumaa, zoezi liitwalo trataka. Natembea kwanza uani mpaka miguu itulie. Simu inabaki chumba kingine, feni nazima ili mwali usiyumbe. (“Baba Nasra, na joto hili la Dar?” Nyumbani naulizwa hivyo kila siku.) Natazama chini ya mwali, penye ubuluu. Akili ikitoroka nataja ilikokwenda, “marumaru”, navuta pumzi, naitoa polepole, narudi. Inatoroka sana. Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, sura ya 6, inataka tu uirudishe kila inapokwenda, na kurudisha naweza.

Kilichonifaa zaidi ni saa ya jikoni ya kuzungusha. Ikilia nazima mshumaa, hata kama ndiyo kwanza utamu umekolea. Hapo ndipo nilipojifunza kuibuka. Sasa saa hiyo inakaa mezani kwangu kazini pia, ikilia nasimama. Risiti nazifanya Ijumaa asubuhi, nikinung'unika.

Mwenye presha ya macho asikodolee mwali, afuate pumzi tu. Na nikiwa sijalala vizuri siuwashi kabisa, natembea basi.